Gari liondoke au lisubiri: ninavyosoma habari za dunia nikiwa Benako

Kazi yangu ni kupanga safari za malori. Niko Benako, wilayani Ngara, mahali madereva wanapolala kabla ya kuteremka Rusumo na kuingia Rwanda. Kuna mizigo inayoishia Kigali, kuna ya Burundi inayopita Kabanga, na kuna ile inayonikosesha usingizi, ya Goma na Bukavu, huko mashariki mwa Kongo. Alfajiri nikiwasha simu nakuta imejaa video za mabomu, sauti za watu wanaopiga kelele na ramani zilizopakwa rangi nyekundu. Katikati ya hayo yote kuna dereva anauliza: "Bosi, niondoke au nisubiri?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha kusoma habari. Mtu aliyejilaza nyumbani anaweza kusoma habari ya vita, akaogopa, kisha akaendelea na chai yake. Mimi lazima nimjibu yule dereva, na jibu likiwa baya kuna mtu ataumia au mzigo utaoza. Basi nimeandika hapa jinsi ninavyofanya, kwa sababu naona majirani zangu wengi wasio na lori hata moja wanabeba hofu ya dunia nzima bila kuwa na pa kuitua.

Ya lini, na ya wapi?

Watu wakipokea habari ya kutisha huanza kwa kuuliza kama ni kweli au ni uongo. Mimi siulizi hivyo kwanza. Nauliza ya lini na ya wapi. Sehemu kubwa ya vitu vinavyonifikia havijatungwa: vilitokea kweli, ila vilitokea mwaka mwingine au nchi nyingine.

Chukua Goma. Waasi wa M23 waliingia mji huo mwishoni mwa Januari 2025, lakini walikuwa wameshauchukua mara moja kabla, Novemba 2012. Kwa hiyo hata video ya kweli, ya Goma yenyewe, yenye askari wa M23 wenyewe, inaweza kuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi na miwili. Mtu akiituma leo na kuandika "asubuhi hii", hakuna kilichobadilishwa kwenye picha. Kilichobadilishwa ni tarehe tu, na tarehe ndiyo inayoamua kama gari langu liondoke.

Siku zile video zilinijia kwa fujo. Mojawapo ilionyesha watu wanakimbia barabarani na maandishi yanasema ni Goma. Nikaizima sauti, maana sauti ya risasi inaondoa akili, nikaitazama barabara peke yake. Pikipiki na basi dogo vilikuwa vinapita upande wa kushoto. Kongo wanapita kulia, kama Rwanda na Burundi. Madereva wetu wanalijua hilo vizuri kwa sababu hubadilisha upande pale pale Rusumo. Magari yakipita kushoto, unatazama Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia au kwingine kama huko. Hutazami Goma.

Baada ya upande wa barabara, tazama chini. Goma imejengwa juu ya mawe yaliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo, ile iliyolipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Kuta nyingi ni za mawe meusi na vumbi lake ni jeusi. Utaona pia chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba magunia. Ukiona udongo mwekundu kama wa kwetu Ngara, tia shaka. Kisha soma vibao vya maduka: Kifaransa au Kiingereza? Kisha namba za magari. Dakika tatu zinatosha, na huhitaji kuwa mtaalamu wa chochote. Ukiwa na intaneti, piga picha ya skrini na uitafute kwa Google Lens. Picha ya zamani mara nyingi itajitokeza na mwaka wake.

Kwenye WhatsApp angalia mishale. Ujumbe wenye mishale miwili umeshapitishwa mikono mingi. Haina maana kwamba ni uongo. Maana yake ni kwamba aliyekutumia hajui ulikotoka. Muulize tu, "Umeipata kwa nani?" Ukijibiwa "nimeiona kwenye grupu", umefika mwisho wa njia.

Na sauti za kurekodi je? Hizo ndizo zinazovunja watu mioyo zaidi, kwa sababu unamsikia binadamu anahema. Mimi nazipima kwa sauti za madereva wangu. Dereva aliye barabarani kweli hutanguliza mahali: "Bosi, niko Nyakanazi, saa mbili na robo, mvua inanyesha, foleni hakuna." Mtu anayejua kitu hukwambia yuko wapi na ni saa ngapi hata usipomuuliza. Yule wa "mimi ni daktari, sitaji jina, wanatuficha, sambaza kabla haijafutwa" hana mahali, hana siku, na ana haraka. Haraka yake inatosha kunifanya nisubiri.

Ugonjwa ulipotua njiani kwetu

Januari 2025 mambo yalikuja mlangoni. Tarehe 14, Shirika la Afya Duniani lilisema kuna wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani kwetu Kagera. Kesho yake Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi. Tarehe 20, Rais Samia, akiwa Dodoma na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa, wilayani Biharamulo.

Hapa kwetu watu waligawanyika papo hapo. Wa upande huu wakasema serikali ilidanganya. Wa upande ule wakasema wazungu wanatuchafua. Mimi nilizisoma taarifa zote tatu kwa tarehe zake. Ya kwanza ilisema "wanaoshukiwa". Ya pili ilizungumzia sampuli zilizokuwa zimeshapimwa kufikia siku ile. Ya tatu ilizungumzia sampuli iliyopimwa baadaye. Unaweza kuwalaumu wahusika kwa namna walivyosema, na mimi nina maneno yangu juu ya hilo, lakini ukizipanga kwa mfuatano hazipingani kama zilivyosikika mitaani. Habari za ugonjwa mpya hubadilika hivi siku zote, kwa sababu maabara nayo inachukua muda wake. Ukisoma neno "anashukiwa", ujue kesho linaweza kuwa "amethibitishwa" au likafutika, na usiweke mguu wote hapo.

Sasa, Nyakanazi iko Biharamulo, na malori yetu yote yanapita Nyakanazi. Dereva mmoja akanipigia.

"Bosi, Nyakanazi si ndiyo Biharamulo?"

"Ndiyo."

"Sasa napitaje?"

Hapo ndipo unahitaji kujua jambo moja juu ya ugonjwa wowote kabla ya kujua idadi ya waliokufa: unaambukizaje? Marburg haisafiri kwa hewa. Inapita kwa kugusa damu au majimaji ya mwili wa mgonjwa, au ya maiti, au vitu vilivyochafuliwa nayo. Tangu mtu apate virusi hadi aanze kuumwa ni kati ya siku 2 na 21, na kabla ya kuanza kuumwa haambukizi. Kwa hiyo mtu aliye hatarini ni anayemuuguza mgonjwa nyumbani, muuguzi asiye na glavu, na wale wanaoosha maiti msibani. Dereva aliyejifungia kwenye kabini yake akipita barabara kuu si miongoni mwao. Nikamwambia: "Pita. Usiguse mgonjwa, usishiriki kuosha maiti hata kama ni ya rafiki, nawa mikono kila ukishuka, na wakikupima joto usilalamike." Akapita. Shirika la Afya Duniani nalo halikushauri kufunga mipaka wala kuzuia biashara.

Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Wengi hawajui tangazo hilo hutokaje. Huhesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani siku 21 mara mbili, kuanzia mgonjwa wa mwisho alipopona au kuzikwa. Ukishalijua hilo unaweza kuhesabu mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani. Hiyo kalenda ilinituliza kuliko taarifa yoyote ya habari, na wake wa madereva walikuwa wakinipigia kuuliza, "Shemeji, leo siku ya ngapi?"

Halafu kuna asilimia, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapotishwa bure. Biharamulo waliorodheshwa wagonjwa 10, wawili wamethibitishwa na wanane wakidhaniwa, na wote 10 walifariki. Ni asilimia 100. Rwanda, miezi michache kabla, mlipuko uliotangazwa tarehe 27 Septemba 2024 ulikuwa na wagonjwa 66 na vifo 15, karibu asilimia 23. Virusi ni vya aina ile ile. Mbona tofauti kubwa hivyo? Rwanda wengi waliougua walikuwa wahudumu wa afya, wakagundulika mapema, wakalazwa penye wauguzi wengi na kupewa dawa za majaribio. Kwetu wagonjwa walijulikana wakiwa wameshazidiwa au wameshazikwa, na aliyeumwa kidogo akapona nyumbani hakuingia kwenye hesabu yoyote. Kwa hiyo ukisikia "unaua asilimia fulani", uliza imetolewa kwa watu wangapi na walipatikanaje. Asilimia inakueleza habari za hospitali na za ufuatiliaji kama inavyokueleza habari za virusi vyenyewe.

Lile tangazo la "dharura ya afya ya umma ya kimataifa" nalo lisikukimbize. Mpox, yaani homa ya nyani, ilitangazwa hivyo tarehe 14 Agosti 2024 na dharura ikaondolewa Septemba 2025. Ni namna ya kuyaambia mataifa yashirikiane, yatoe fedha na chanjo. Si kengele ya kujifungia ndani.

Nani amehesabu wafu?

Idadi za vita ni ngumu kuliko za ugonjwa, kwa sababu wanaohesabu wana upande. Baada ya Goma kuanguka, Umoja wa Mataifa ulitaja miili takriban 900. Siku chache baadaye ukataja karibu 2,900. Mwishoni mwa Februari Waziri Mkuu wa Kongo, Judith Suminwa, akasema zaidi ya 7,000. Kijana mmoja hapa Benako alinionyesha namba zote tatu akacheka: "Unaona? Hakuna anayejua." Lakini hebu zitazame. Ya kwanza ni miili iliyokuwa imefika kwenye vituo vya afya. Ya pili inaongeza iliyookotwa mitaani na kuzikwa. Ya tatu ni ya mashariki yote ya Kongo tangu Januari, na inatoka kwa serikali iliyokuwa vitani. Ni vipimo vitatu vya vitu vitatu. Sijui mtu anayeweza kuzitumia vizuri bila kuzitenganisha kwanza.

Mimi nasikiliza zaidi upande unapokiri jambo linaloumiza upande wenyewe. Jeshi likisema limeua maadui wengi, napita. Jeshi likisema limeondoka mji fulani, hapo nachukua simu, maana hakuna anayetangaza kurudi nyuma kwa kujifurahisha. Kwa Kongo nasikiliza Radio Okapi, ile ya Umoja wa Mataifa, ambayo ina Kiswahili. Nasikiliza msemaji wa kila upande. Halafu nampigia dereva aliye karibu zaidi. Dereva haoni vita nzima, lakini anaona kama kituo cha mafuta kimefunguliwa na kama akina mama wameweka nyanya barabarani. Akina mama wakiwa na nyanya, kwa kawaida gari linapita.

Angalia pia kitenzi kwenye kichwa cha habari. "Yathibitisha" si sawa na "yadai", na "huenda" ni mlango ulioachwa wazi makusudi. Niliwahi kumzuia dereva aliyetaka kulipia hoteli kwa wiki nzima kwa sababu ya kichwa cha habari chenye "huenda mpaka ukafungwa". Haukufungwa.

Benako yenyewe iliwahi kuwa habari ya dunia, mwaka 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka Rusumo kwa muda wa kama siku moja. Wazee wa hapa wakikusimulia watakwambia kuhusu kuni, choo na bei ya maharage. Nikisoma habari za wakimbizi wa mahali popote naanza na hayo matatu, kisha ndiyo naangalia idadi.

Hali ya hewa: soma chini ya rangi

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa taarifa, watu husambaza ramani na kuacha maandishi. Maandishi ndiyo yenye kazi. Kuna ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Chini yake kuna mistari miwili ambayo karibu hakuna anayeisoma: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Taarifa inaweza kusema uwezekano ni mdogo na athari ni kubwa. Kwangu hiyo maana yake ni kwamba gari linaweza kuondoka, ila dereva asilale kwenye bonde. Ikisema uwezekano mkubwa na athari ndogo, natarajia tope na kuchelewa, basi.

Aprili 2021 tulionywa kuhusu kimbunga Jobo. Kikaishiwa nguvu kabla ya kufika. Watu wakasema mamlaka inatisha watu. Mei 2024 tukaonywa kuhusu Hidaya, kikafika karibu na kisiwa cha Mafia tarehe 4, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Waliodharau kwa sababu ya Jobo walilala njiani na mizigo yao. Onyo ambalo halikutimia halikuwa uongo. Lilikuwa limesema "uwezekano" tangu mwanzo.

Habari za joto la dunia ni jambo jingine, na huwa nazitenga na mvua ya kesho. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema mwaka 2024 ulikuwa na joto la takriban nyuzi 1.55 juu ya lile la miaka ya 1850 hadi 1900. Vichwa vya habari vikalia kwamba mpaka wa Paris wa nyuzi 1.5 umevunjwa. Mpaka ule, wa makubaliano ya tabianchi ya Paris ya 2015, hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, si kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja kuupita ni ishara mbaya, ndiyo, na El Niño ilichangia. Lakini "imeshindikana" si kilichosemwa. Kwangu habari hiyo haibadilishi safari ya Jumatatu. Inabadilisha maswali ninayomuuliza diwani kuhusu makalvati.

Mafuta nitayapitia haraka. Vita vikianza Mashariki ya Kati, kuna mfanyabiashara atapandisha bei kesho yake. Juni 2025 Israeli na Iran zilipigana kuanzia tarehe 13 hadi usitishaji wa tarehe 24. Watu wakawa wanataja Mlango-Bahari wa Hormuz, ambako hupita kama sehemu moja ya tano ya mafuta ya dunia, kana kwamba umeshafungwa. Pipa likapanda kutoka karibu dola 70 hadi kukaribia dola 80, kisha likarudi. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hiyo inategemea mafuta yaliyokwisha kununuliwa. Kabla ya siku hiyo, anayekwambia "vita vimepandisha" mwombe akuonyeshe tangazo.

Habari ambayo haibadilishi safari yoyote

Zimebaki zile nisizoweza kuzifanyia kitu. Sudan imekuwa vitani tangu tarehe 15 Aprili 2023. Mwaka 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, karibu na El Fasher. Wataalamu hawalitangazi kwa huruma. Wanataka angalau kaya 20 kati ya 100 ziwe zimeishiwa chakula kabisa, watoto 30 kati ya 100 wawe na utapiamlo mkali, na watu wawili kati ya kila 10,000 wawe wanakufa kila siku. Ukishajua vipimo hivyo, tangazo moja linatosha kukaa nalo. Huhitaji kutazama video ishirini za watoto ili uamini.

Habari za namna hii nazisikiliza redioni jioni, mara moja. Redio ina saa yake: taarifa ikiisha, imeisha. Simu haiishi. Na nimechagua vita kimoja cha kufuatilia kwa kina, cha Kongo, kwa sababu ndiyo barabara yangu. Vingine navisikia kwa ufupi na sioni aibu. Pesa ya mchango natoa mwisho wa mwezi, kwa watu ninaojua wanafikaje huko. Sitoi usiku nikiwa na uchungu, kwa namba iliyowekwa chini ya video.

Jambo la mwisho ni grupu la ukoo. Kwetu anayesambaza zaidi ni baba mdogo, na huwezi kumwambia mzee mbele ya wakwe na wajukuu kwamba kasambaza kitu cha 2012. Usijibu ndani ya grupu. Mwandikie pembeni: "Shikamoo baba. Ile video ya mchana nimeiangalia, magari yanapita kushoto, kwa hiyo siyo Goma. Nimeona nikujulishe wewe kwanza." Mpe nafasi aifute mwenyewe. Wangu huifuta, hunijibu "marahaba mwanangu, ahsante", na kwenye grupu huandika kwa herufi kubwa kwamba yeye amefanya uchunguzi na kugundua video ile si ya kweli. Mwache apate sifa. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi atatuma nyingine, na mimi nitaanza tena na shikamoo.